Mumiani wa Saa Sita Mchana

Jumamosi ile sinema yangu ilijaa mpaka nikawakalisha watu kwenye ngazi. Ukinijua mimi Nola, utajua hakuna kitu kinachonipendeza duniani kama ukumbi uliojaa. Marehemu mume wangu alikuwa akisema hata kwenye maziko mimi hutazama viti kwanza, jeneza baadaye. Basi mji wetu wa Tolliver ukaja mzima. Waliokuwa hawasemezani tangu ugomvi wa kwaya walikaa bega kwa bega wakipitishiana bisi. Kila mmoja alikuja kujitazama mwenyewe. Mtu mmoja tu alikuja kumtazama mwingine, naye alikuwa Bibi Idella Spruill.

Bibi Idella alikuwa mkunga wetu. Kimwili ni kama ndege aliyenyeshewa, lakini mji mzima umepita mikononi mwake, na hakukubali mtu asahau. Alikaa kiti cha mbele kabisa, kilekile miaka yote, na kichwani alivaa kofia yake nyeusi yenye unyoya mrefu wa mbuni, ambayo hakuivua kanisani wala sinema. Waliokaa nyuma yake walinung'unika. Yeye aliwaambia, "Nimekuona ukiwa uchi unalia, utanisumbua kwa unyoya?" Mazungumzo yakaisha.

Mwanawe wa pekee, Delmar, aliondoka Tolliver akiwa kijana akaenda Los Angeles kufanya kazi kwenye picha za kauboi. Kazi yake ilikuwa kuanguka. Stelingi anapopigwa risasi juu ya farasi, stelingi mwenyewe yuko kivulini anakunywa maji ya limau; anayebingirika kwenye mawe ni Delmar, amevaa shati la stelingi na kofia ya stelingi, na sharti la kwanza la kazi hiyo ni kwamba uso usionekane. Ukionekana, umeharibu. Kwa hiyo miaka ile yote Bibi Idella alikuja kila picha ya kauboi niliyoonyesha, akanyoosha shingo, na mtu akianguka alimgusa jirani yake kwa kiwiko: "Ule mgongo ni wa Delmar wangu."

Garland Mott, mwenye kituo cha petroli, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, akampachika jina: Mama Mgongo.

"Bibi," alimuuliza siku moja mbele ya dirisha langu la tiketi, watu wamepanga foleni, "wiki hii mgongo wetu unacheza?"

"Unacheza," akajibu Bibi Idella. "Na ni mzuri kuliko uso wako."

Foleni ikaangua kicheko, Garland naye akacheka, maana alikuwa hajali kuchekwa mradi kuna kicheko. Lakini picha ilipokwisha siku hiyo, bibi alisimama kwenye dirisha langu akirekebisha kofia yake, akaniambia kwa sauti ya chini ambayo sikuizoea kwake: "Nola mwanangu, nataka nimwone uso pale juu. Mkubwa, kama wanavyoonekana watoto wa wenzangu. Mara moja tu. Halafu nikifa, nimekufa."

Nikampa bisi za bure.

Sasa sikia. Mwaka uliofuata, joto likiwa la kukaanga mayai barabarani, likaja lori moja bovu na magari mawili, na ndani yake mkiwa na kundi la watu wa sinema. Kiongozi wao aliitwa Sy Kessel, mtu mfupi mwenye mdomo mtamu, anayekuita mpenzi kabla hajakuuliza jina. Alitaka kutumia kile kijiji kilichohamwa kule kwenye mgodi uliokufa, dakika chache kutoka mjini. Alikuwa anatengeneza picha ya kauboi ambayo adui yake ni mumiani: jambazi la benki lililonyongwa na kuzikwa mgodini, likafufuka, na sasa kila usiku linatoka kaburini likiwa limepanda farasi mweusi, bastola kiunoni, likinyonya damu ya wachunga ng'ombe. Risasi hailiingii. Jua tu ndilo litakaloliua.

"Mumiani na kauboi kwenye picha moja?" nikamuuliza.

"Mpenzi," akasema Kessel, "wenye kupenda mumiani watakuja, wenye kupenda kauboi watakuja. Ukumbi mmoja, watu maradufu."

Hapo akanikamata, maana amenigusa penye udhaifu wangu.

Alichohitaji ni watu wa kusimama nyuma wakishika taa za kandili, wakiogopa. Akauomba mji, na mji ukaenda wote. Mchungaji alikwenda. Garland alikwenda akafanywa naibu wa sherifu. Mimi nilifanywa mjane, jambo ambalo halikunihitaji kuigiza. Na aliyeletwa kuanguka kutoka juu ya farasi mweusi alikuwa nani kama si Delmar Spruill, amezeeka, mguu mmoja mzito, mabega yamekaa upande kama rafu iliyopigwa misumari na mlevi.

Mumiani mwenyewe alikuwa mwigizaji mwenye jina kidogo, aliyekuja na sanduku zuri. Alilala usiku mmoja kwenye nyumba yetu ya wageni, akaona nge ndani ya beseni, asubuhi akapanda basi. Kessel alikaa kwenye ngazi za lori ameshika kichwa. Halafu akainua uso akamtazama Delmar aliyekuwa anamlisha farasi tufaha.

"Wewe," akasema. "Unaweza kusema maneno?"

"Inategemea ni mangapi," akasema Delmar.

Hayakuwa mengi. Mumiani wa Kessel alifunika pua na mdomo kwa leso nyeusi kama majambazi wote, na kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi. Akimng'ata mtu, anaipa kamera mgongo, kwa sababu meno ya kutisha yalimshinda Kessel bei. Uso wake ungeonekana mara moja tu, mwisho wa picha: alfajiri imemkuta nje, kaburi liko mbali, naye anachoka kukimbia, anavua kofia, anashusha leso, analitazama jua likimuua. Picha moja tu, uso mtupu.

Siku Delmar alipopewa kazi hiyo alikuja kunywa kahawa kwangu. "Usimwambie mama sana," akasema. "Mwambie aje tu."

Ningewezaje kunyamaza na jambo kama hilo? Kabla ya jioni hata kuku wa Tolliver walikuwa wanajua.

Sasa kuhusu usiku. Picha nzima ilikuwa ya usiku, lakini hatukupiga hata chembe moja usiku. Kupiga picha usiku kunataka mataa makubwa na jenereta na watu wa kuyashika. "Usiku ni wa matajiri," Kessel alituambia tukiwa tumepangwa na kandili zetu kwenye jua la kupasua fuvu. "Sisi jua ndiyo taa yetu ya bure. Kamera inavalishwa kioo cheusi, mchana unageuka mbalamwezi. Msitazame juu. Msikunje macho. Na tafadhalini, mtu asijifute jasho. Usiku kuna baridi."

Basi tukasimama kwenye joto lile tukitetemeka kwa baridi ya kuambiwa. Delmar walimpaka unga wa ngano uliochanganywa na poda ya watoto, maana kwenye kioo cheusi uso wa kawaida unazama, mpaka uwe mweupe kabisa ndipo unaelea gizani. Kwa macho tu alionekana kama mwokaji mikate aliyeangukia kwenye gunia. Hakuna aliyecheka. Tulijua ni kwa ajili ya giza.

Siku ya tatu, tukiwa bado tunafanya mazoezi ya usiku, yule farasi mweusi akashtushwa na nyoka, akaupiga teke mkoba wa kamera, kioo cheusi kikawa vipande. Hakikuwepo kingine. Mpiga picha akasema basi tusimame mpaka kipatikane. Kessel akasema hapana, kila siku ni watu wa kulisha. "Tunapiga hivihivi. Kule maabara wakisafisha picha, watatia giza wao. Wanaweza. Nitawaandikia." Mpiga picha akamtazama kama mtu anayemtazama dereva aliyefumba macho, lakini kazi ikaendelea.

Ile picha ya mwisho niliiona kwa macho yangu. Nilikuwa nimesimama na kandili yangu ya ujane hatua chache kutoka kwake. Delmar alikuja akichechemea katikati ya barabara ya kile kijiji, akasimama. Akavua kofia. Akashusha leso. Akasema, "Jua linakuja," basi, na akainua uso. Sijui nikueleze vipi. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyerudi nyumbani baada ya miaka, akakuta mlango wazi na ndani hamna mtu. Alikaa hivyo muda mrefu, kamera inalia tu, na machozi yakachimba njia kwenye unga. Halafu akapiga magoti, akalala. Mchungaji alivua kofia yake, akaharibu picha kidogo, lakini Kessel aliiacha.

Baadaye nikamuuliza Delmar aliwezaje.

"Sikuigiza, Nola," akasema. "Kila nikianguka huwa nafumba macho. Leo nimeambiwa niyafumbue."

Wakaondoka. Majira yakageuka. Mikanda ya picha ikaja kwa basi ikiwa kwenye makopo yake, na mimi nikabandika tangazo, ingawa hakuna aliyehitaji tangazo. Eustis, shemeji yangu anayeendesha mashine ya sinema, akaujaribu mkanda wa kwanza asubuhi ya Jumamosi ile. Ilikuwa ni ile sehemu ya mwanzo, jambazi likiwa bado mtu hai, leso usoni hata mezani, wamo ndani ya baa wanacheza karata. Safi kabisa. "Picha inang'aa," Eustis akasema, na mimi nikafurahi kama mjinga.

Delmar alikuja na basi la asubuhi, shati limepigwa pasi. Alimshika mama yake mkono mpaka kwenye kiti chake cha mbele. Yeye mwenyewe hakukaa. Alisema mtu anayeanguka kwa kazi hapendi viti, akasimama nyuma pamoja nami, karibu na pazia la mlango, akiwa ameipindapinda kofia yake mikononi.

"Una hofu?" nikamnong'oneza.

"Nimeruka kutoka kwenye treni," akasema. "Ilikuwa rahisi kuliko hii."

Taa zikazimwa. Baa ikapita, karata zikapita, watu walipiga makofi walipomwona Mchungaji akinywa kitu kwenye glasi. Jambazi likanyongwa. Likazikwa. Halafu sauti nzito ikasema, "Usiku wa giza nene ukalifunika bonde la mauti."

Na pale mbele kwenye pazia la picha likatokea bonde, jeupe pe, jua liko utosini, kivuli cha kila mtu kimejikunja miguuni mwake kama paka.

Nilidhani ni kosa litakalopita. Halikupita. Kaburi likafunguka, akatoka mumiani, kofia na leso na juu ya leso kipande cha uso kilichopakwa unga kinang'aa, akatembea mchana kweupe katikati ya watu wazima walioshika kandili zinazowaka. Garland, yule wa kwenye pazia, akainua kandili yake kulielekea jua lenyewe, akakunja macho, akasema, "Sioni hata pua yangu."

Halafu Garland aliyekuwa kwenye kiti akasema, "Vaa miwani, mpumbavu wewe!" Akajitukana mwenyewe. Ukumbi ukapasuka.

Nikamwona Delmar amegeuka rangi bila unga wowote. "Hawakutia giza," akasema. "Nola, hawakutia giza."

Nilijua baadaye yaliyotokea. Kessel alichukua nakala ya bei rahisi kuliko zote, na katika nakala ya namna hiyo hakuna mtu wa kukaa atie giza kipande kwa kipande. Wanaichapa kama ilivyo. Lakini wakati ule sikuwa na habari ya nakala. Nilikuwa na ukumbi uliojaa, na ukumbi uliojaa ukianza kucheka ni kama ng'ombe walioanza kukimbia.

"Hii ndiyo mbalamwezi?" mtu akapiga kelele. "Imenichoma shingo!"

"Mumiani, jipake mafuta, utababuka!"

"Mwacheni, anakwenda kuoka mikate!"

Walikuwa hawana ubaya. Naapa hawakuwa na ubaya. Walikuwa wanajicheka wenyewe pia, kila mmoja akijiona anatetemeka kwa baridi huku jasho linamtiririka. Ni kicheko cha watu wanaofahamiana. Lakini kila nikichungulia mbele, naona ule unyoya wa mbuni umesimama wima, hautikisiki.

Delmar akanishika mkono. "Mkanda wa mwisho. Lazima pawe giza kwenye mkanda wa mwisho. Mama akiuona uso wangu na ule unga kwenye jua lile…" Hakumaliza. Tukapanda ngazi tukiruka watu niliowakalisha mwenyewe, tukaingia kwenye chumba cha mashine.

"Tia giza!" Delmar akamwambia Eustis.

"Nitie giza na nini, kaka? Hii ni mashine, si Mungu."

Nikavua miwani yangu ya jua niliyokuwa nimeitundika shingoni. Eustis akaishika mbele ya mwali wa mashine. Pazia lote likawa na mapengo mawili ya giza ya duara, mumiani anaingia kwenye moja anatokea kwenye jingine. Ukumbi ulilia kwa kicheko. Akaitoa. Delmar akaona chupa ya bia ya Eustis, ya rangi ya kahawia, akaidaka, akaiweka pale. Farasi, watu na milima vikageuka mchuzi. Chini wakaanza kupiga miguu sakafuni: "Picha! Picha! Picha!" Na sauti ya Garland juu ya zote: "Eustis, maliza kunywa kwanza!"

Delmar akaiweka chupa chini taratibu. "Acha," akasema. "Acha iende."

Ungefanya nini? Ukizima mashine utasema nini kwa mji mzima? Ukiiacha, inakwenda yenyewe, haina huruma, mkanda unazunguka. Tulishuka. Alikuwa anashuka ngazi kama mtu aliyevunjika mguu mwingine.

Ikafika barabara ya kile kijiji. Mumiani anakuja akichechemea. Mimi niko pale na kandili yangu, mjane mnene anayemeremeta jasho. Akasimama katikati. Akaivua kofia. Mkono ukapanda kwenye leso, na sauti ya Delmar, sauti yake halisi, ikasema, "Jua linakuja."

"Limefika tangu asubuhi, mjomba!" akapiga kelele Garland. "Ni saa sita mchana!"

Sijawahi kusikia kicheko kama kile ndani ya sinema yangu ya Lyric, na mume wangu aliijenga kwa ajili ya vicheko. Watu waliegemeana. Mtu mmoja alianguka kwenye ngazi.

Hapo Bibi Idella akasimama.

Mbele ya pazia letu kuna jukwaa dogo, la siku zile za wanamuziki. Alipanda vidaraja vyake, kimoja, kimoja, akishika sketi, akafika katikati akatugeukia. Mwali wa mashine ukampiga usoni akakunja macho. Nyuma yake kivuli chake kikapanda kwenye pazia, kofia na unyoya vikaingia katikati ya picha.

"Nyamazeni!" akasema. "Nyamazeni, mbuzi nyinyi! Garland Mott! Ulitoka umetanguliza matako, na mpaka leo hujageuka! Nimewashika nyote miguu, kichwa chini, nikawapiga makofi mpige kelele. Ningejua mtapiga kelele hizi, ningewaacha kimya!"

Wakacheka zaidi, Mungu awasamehe, maana alikuwa anachekesha. Na nyuma yake leso ikashuka.

Na uso wa Delmar ukajaa pazia zima.

Ule unga, kweli, ulikuwa kichekesho. Lakini ni kwa pumzi moja tu. Halafu ukayaona yale macho. Kicheko kikaanza kufa, kwanza viti vya mbele, halafu katikati, kama moto unaomwagiwa maji. Watu wakaona nilichokiona mimi siku ile: mlango wazi, ndani hamna mtu, yale machozi yakichimba unga. Na unyoya wa mbuni unamkata usoni, kutoka kidevuni mpaka kwenye jicho, kwa sababu mama yake amesimama pale amempa mgongo, anapigana kwa ajili yake.

"Mama," Delmar akasema pembeni yangu. "Mama, geuka." Sauti haikuvuka hata safu ya kwanza ya nyuma.

Mimi nina koo la kuita watu foleni. Nikapaza: "Bibi Idella! Geuka! Geuka nyuma!"

"Sigeuki!" akajibu. "Mnataka nigeuke mnicheke vizuri?"

"Geuka, Bibi!" Mchungaji akaita. Kisha mwingine. Kisha Garland, amesimama, kofia mkononi, na hakukuwa na mzaha hata kidogo kwenye sauti yake: "Bibi, nakuomba, geuka umwone!" Ukumbi mzima ukashika, "Geuka! Geuka! Geuka!", wanawake wananyoosha vidole kwenye pazia, watu wamesimama kwenye viti. Na jinsi tulivyozidi kumwita ndivyo alivyozidi kukaza. Alikuwa amezoea kuchekwa, miaka yote ile, Mama Mgongo. Alijua hila za mji huu. Akakunja mikono kifuani. Akatuangalia, jicho kwa jicho, kama nyanya aliyekamata watoto kwenye chungu cha asali.

Nyuma yake mwanawe akapiga magoti, akatoka kwenye kivuli cha unyoya, akalala. Pazia likabaki na barabara tupu na jua. Halafu neno MWISHO. Halafu weupe.

Eustis akawasha taa.

Ndipo bibi naye akageuka, polepole, akalitazama pazia jeupe muda kidogo. Nadhani alielewa hapo. Sikuuona uso wake. Niliona mabega tu, yakishuka.

Delmar alipita katikati ya watu, wakampisha. Akapanda jukwaani, akampa mkono wa kushukia.

"Umeona, mama?" akamuuliza. Alijua. Alikuwepo, amesimama nami, hakubandua macho.

"Nimeona," Bibi Idella akasema. Akampapasa shavu, kama anatafuta unga. "Nimekuona vizuri. Umefanana na baba yako."

Eustis akatoa kichwa kwenye tundu la mashine. "Bibi! Nikuwekee tena mkanda wa mwisho? Ni dakika chache tu. Hakuna atakayecheka; akicheka mtu nitamkaba mwenyewe."

Ukumbi wote ukamtazama yule mama. Ilikuwa ni neno moja tu, ndiyo, na angemwona mwanawe kama alivyotaka maisha yake yote. Lakini ndiyo ingekuwa ni kumwambia Delmar, mbele ya mji, kwamba amemdanganya sasa hivi.

"Ya nini?" akasema. "Si nimeshaona?"

Nikamtazama Delmar. Sema wewe basi, nikamwomba moyoni. Mwambie unataka uone tena, wewe mwenyewe. Akafungua mdomo. Akamtazama mama yake, na mama yake akamtazama, kila mmoja ameshika ncha yake ya ule uongo, na hakuna aliyeweza kuachia bila kumwangusha mwenzake.

"Ameona, Eustis," akasema. "Funga mashine."

Nikawafungulia mlango mimi mwenyewe. Ilikuwa bado mchana, jua limesimama barabarani kama ukuta. Garland alikuwa ametangulia nje, akataka kusema kitu, mdomo ule ukamnyima kwa mara ya kwanza. Bibi Idella akampita akamgusa kidevu kidogo, kama anavyowagusa watoto aliowazalisha. Delmar akaivaa kofia yake, akaishusha mpaka kwenye nyusi.

Jumatatu makopo yaliondoka na basi. Nilisikia mji uliofuata walicheka pia, na kwamba huko hakuna aliyesimama.

Lakini siku ile nilibaki mlangoni, watu wananipita kimyakimya, nikawatazama wale wawili wanavyoshuka barabara, wamekamatana mikono, mmoja anachechemea na mwingine unyoya unacheza. Mgongo wa Delmar ningeutambua popote. Sote tungeutambua.